Kabla ya Kumlipa Mwalimu wa Tuisheni, Mpe Karatasi ya Mtoto Aisome

Matokeo ya muhula yakifika nyumbani na F ya Hisabati na D ya Fizikia, wazazi wengi hushika simu na kuuliza: nani anamjua mwalimu mzuri wa tuisheni? Jina linapatikana jioni hiyo hiyo, bei inakubaliwa, Jumamosi mtoto anaanza. Miezi mitatu baadaye fedha zimetoka, begi limejaa madesa, yaani notisi za kunakili, na F iko palepale. Mara nyingi mwalimu huyo hakuwa mbaya. Alifundisha kwa bidii kitu ambacho sicho kilichokuwa kinamwangusha mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mwalimu, tafuta karatasi. Mwombe mtoto, au mwalimu wake wa somo, karatasi ya majibu ya mtihani wa mwisho iliyokwisha kusahihishwa, pamoja na maswali yake. Kaeni mezani mpitie swali moja baada ya jingine. Huhitaji kujua somo lenyewe. Kila mahali alipopoteza alama muulize ilikuwaje, kisha andika pembeni sababu moja kati ya nne: haijui mada, mada anaijua ila hakuelewa swali linataka nini, alikosea njiani, kwa mfano alisahau alama ya kutoa au hakuandika kizio, au muda ulimwishia. Mkimaliza, jumlisha alama zilizopotea kwa kila sababu.

Jumla hiyo ndiyo inayoonyesha mtu wa kumtafuta. Aliyepoteza alama 40 kwa kutojua mada anahitaji kufundishwa upya, na hiyo ni kazi ya miezi. Aliyepoteza 25 kwa sababu ya muda anahitaji mazoezi ya kujibu kwa saa, ambayo anaweza kuyafanya nyumbani bila kumlipa mtu. Na hao wasioelewa swali ni wengi kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza miaka saba kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako, ukiacha Kiswahili na masomo ya lugha nyingine, karibu kila kitu kinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anaweza kukueleza usanisinuru vizuri kabisa ukimuuliza sebuleni, lakini kwenye pepa ya Biolojia akaandika sentensi mbili zisizoeleweka. Ukimtafutia mwalimu wa kumrudia usanisinuru, umetibu jino lisilouma. Anahitaji mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili, halafu anamtaka aandike jibu kwa Kiingereza kila kipindi, na kuisahihisha sentensi yenyewe. Amzoeze pia maneno ya maagizo: swali la "state" linataka hoja kwa ufupi, la "explain" linataka na sababu, na la "differentiate" linataka vitu viwili vilinganishwe kwa kigezo kimoja kimoja. Alama nyingi hupotea hapo kwa watoto wanaolijua somo, na inasikitisha kwa sababu ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa wiki chache.

Mwalimu anayeijua pepa

Tuchukue Hisabati ya kidato cha nne, somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wamekuwa wakipata F. Pepa ni ya saa 3 na alama 100. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. Yote hujibiwa. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, alama 75 na zaidi ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Matokeo ya mwisho huchanganywa na alama za upimaji endelevu wa shuleni, lakini kwa kupanga mafunzo hesabu ya pepa inatosha. Mtoto mwenye alama 24 anaihitaji alama ya swali moja tu la Sehemu A ili afike D. Ili afike C anahitaji alama 21, sawa na maswali matatu na nusu ya sehemu hiyo hiyo.

Sasa tazama Sehemu A inatoka wapi. Namba na desimali, uwiano, vipeo na logariti, seti, milinganyo, Pythagoras: kwa sehemu kubwa hizi ni mada za kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu anayeanza na matriksi na vekta kwa kuwa "ndizo mada za kidato cha nne" anajenga juu ya pengo. Hata matriksi yenyewe haiendi kwa mtoto anayekosea kuzidisha namba hasi. Mwalimu mzuri hurudi nyuma bila aibu, na hukueleza mapema kwamba wiki nne za kwanza daftari litakuwa na mada za zamani, ili usije ukadhani unachezewa.

Kuna na muda. Dakika 180 kwa alama 100 ni kama dakika 11 kwa swali la alama 6, na dakika 18 kwa swali la alama 10. Mtu aliyewahi kuandaa watoto kwa pepa hii anazo namba hizo kichwani.

Basi siku ya kukutana naye, usianze na bei. Mpe ile karatasi ya mtoto na dakika 20, aisome mtoto akiwa amekaa pembeni yake. Mwalimu anayefaa atamuuliza mtoto, "Hapa ulifikaje?" Atafuata hatua za kazi mpaka mstari ambapo kosa lilianzia, ataonyesha alama za njia ambazo zingepatikana hata kama jibu la mwisho si sahihi, na atataja mada mbili au tatu atakazoanza nazo na muda atakaotumia. Asiyefaa atapitisha macho juu juu, atasema mtoto ni mvivu, au atakuambia, "Mzazi, niachie mimi, A itapatikana." Hakuna anayeweza kuahidi daraja la mtihani asioutunga wala kuusahihisha. Ahadi hiyo peke yake inatosha kumuaga.

Muulize pia kama anazitumia taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Baraza huzitoa kwa kila somo, ziko bure kwenye tovuti yake, na zinaonyesha mifano ya majibu mazuri na mabaya pamoja na sababu za watahiniwa kukosa kila swali. Mwalimu wa mitihani asiyewahi kuzifungua anafanya kazi gizani. Kuhusu sifa zake mwenyewe, mwombe namba yake ya mtihani na mwaka: matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanatazamwa kwenye tovuti hiyo hiyo. Hata hivyo, ufaulu wake haukuambii kama anajua kufundisha. Mwenye B anayeligundua kosa la mtoto ni bora kuliko mwenye A anayetatua maswali yote mwenyewe huku mtoto akitikisa kichwa.

Usisahau mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza kwa awamu Januari 2024. Kwa sekondari ulianzia kidato cha kwanza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na mkondo wa jumla ukafuata 2025. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa kwenye mitaala miwili tofauti, na madesa yaliyomfaa dada yakampoteza mdogo wake.

Nani wa kumchukua

Vijana waliomaliza kidato cha sita ni wengi mitaani kuanzia Mei, bei yao ni nafuu, na pepa bado iko mbichi kichwani mwao. Ubaya ni kwamba wengine huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na chuo kikifunguliwa wanaondoka, yaani wiki chache kabla ya mtihani wa Novemba. Ukimchukua mmoja wao, mpe kazi yenye mwisho: mada tano, miezi mitatu. Mwanafunzi wa chuo naye hupotea wakati wa mitihani yake. Mwalimu aliyeajiriwa ana uzoefu wa kusahihisha, lakini akiwa ndiye anayemfundisha mtoto wako darasani, tafuta mwingine wa mkondo au shule nyingine. Haipendezi mtu alipwe jioni kwa kile alichopaswa kukimaliza asubuhi, na ni vigumu kuziamini alama anazompa mtoto anayemlipa.

Vituo vya tuisheni vina maswali mawili tu: darasa lina watoto wangapi, na nani anasahihisha madaftari? Banda la watoto 60 linaweza kuwa na mwalimu mahiri ubaoni, ila kosa la mtoto wako hakuna atakayeliona. Kikundi cha watoto wanne wa kiwango kimoja mara nyingi hufaa zaidi, na mfuko hupumua. Tuseme kipindi cha saa moja na nusu ni shilingi 15,000, mara mbili kwa wiki: kwa wiki nne ni shilingi 120,000, na wakiwa wanne kila mzazi anatoa 30,000. Lakini wawe kweli wa kiwango kimoja. Mwenye 60 na mwenye 20 wakikaa pamoja, mmoja anachoka na mwingine ananakili.

Kwa masomo ya sayansi kuna jambo la nyongeza. Fizikia, Kemia na Biolojia zina pepa ya vitendo, na mwalimu wa nyumbani hawezi kuifundisha mezani kwako. Anachoweza ni kumfundisha kuandaa jedwali, kuchora grafu na kuandika hitimisho. Bureti na pipeti zishikwe maabara, kwa hiyo uliza shule ratiba yake ya vitendo. Mwalimu anayeleta asidi nyumbani kwenye chupa ya juisi asimamishwe siku hiyo hiyo.

Makubaliano, mahali na usalama

Lipa kipindi cha majaribio kimoja, kisha keti umbali wa kuona. Tazama kalamu iko kwa nani. Katika dakika 60, mtoto aandike kuliko mwalimu. Kama ni mwalimu anayeandika na mtoto ananakili, hayo ni madesa kwa bei ya juu. Ukiridhika, andikeni karatasi moja: somo, siku, saa, mada za kuanzia, malipo, na kinachotokea kipindi kikiahirishwa. Lipa baada ya kila vipindi vinne. Malipo ya muhula mzima kwa mkupuo humwondolea mzazi nguvu ya kusema basi.

Kipindi kifanyike sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima wa familia akiwepo. Kamwe kisifanyike geto, chumbani kwa mwalimu, hata kama ni binamu wa jirani, na hii ni kwa watoto wa kiume na wa kike sawasawa. Chukua nakala ya kitambulisho chake na uzungumze na wazazi wawili aliowahi kuwafanyia kazi. Mawasiliano ya simu yapitie kwako au kwenye kundi ambalo nawe umo. Mtoto akianza ghafla kukataa tuisheni bila kueleza sababu, msikilize kabla ya kumkaripia. Simu ya kuwasaidia watoto Tanzania ni 116, na kupiga ni bure.

Saa za masomo zisiue usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi hawezi kukaa na mwalimu mpaka saa 4 usiku akabaki na kitu kichwani. Vipindi viwili kwa wiki kwa somo, masomo mawili au matatu kwa wakati mmoja, vinatosha. Zaidi ya hapo mtoto anakosa saa ya kufanya mazoezi peke yake, na humo ndimo mada inapokaa.

Kila baada ya wiki nne mpe pepa nzima ambayo hajawahi kuiona, saa 3 kamili, simu ikiwa kwako. Mwalimu aisahihishe mbele ya mtoto, na ile orodha ya sababu nne ijazwe upya. Usitazame jumla peke yake. Angalia mada zilizofundishwa: alama zake zimepanda? Baada ya wiki nane, kama seti na logariti zilizolipiwa bado zinaleta sifuri, badilisha mwalimu kwa adabu na umpe mpya karatasi zote, ili asianze gizani. Ukianza Septemba usitegemee mada mpya nyingi. Wiki nane ni za kuimarisha anachokaribia kukijua.

Oktoba inapoisha watajitokeza wauzaji wa "pepa iliyovuja". Mwalimu atakayemgusia mtoto wako habari hiyo aondoke hapo hapo. Kinachouzwa mara nyingi ni uongo mtupu, na mtahiniwa akibainika kufanya udanganyifu Baraza humfutia matokeo.

Na mtoto akifika mahali anaisahihisha pepa yake mwenyewe, anakuonyesha kosa lilianzia mstari gani na lilimgharimu alama ngapi, punguza vipindi viwe kimoja kwa wiki. Fedha zinazobaki zinunulie vitabu vya mazoezi, na jioni iliyobaki mwachie mwenyewe na pepa zake.