Walilala chumba kimoja, mbona maneno hayafanani?

Juzi tena, ndani ya daladala ya Mwera, dada mmoja anasoma kwenye simu kisa cha ndugu walioteswa na wazee wao, kisha anamwambia shoga yake: "Mmoja hapa muongo. Nyumba moja, vipi huyu alie na yule amsifu baba?" Nilinyamaza, nilikuwa na samaki mkononi. Hapa sinyamazi.

Miaka 13 nahoji watoto wa kesi za udhalilishaji. Tazameni ile ya familia ya Turpin wa Perris, California, Marekani, wazazi waliowatesa watoto wao nyumbani, inayosomwa sana. Januari 2018 binti wa miaka 17 alitoka dirishani akawapigia simu polisi. Nduguye aliyetoka naye aliingiwa na hofu, akarudi ndani. Dirisha moja hilo! Ndugu walikuwa 13, ila mashtaka ya utesaji yalihusu 12. Wa miaka 2 alionekana amelishwa vya kutosha. Wazee walikiri Februari 2019. Siku ya hukumu, Aprili, mtoto mmoja alisema wamempokonya maisha yake, mwingine akasema anawapenda. Wenyewe wameshakiri, sasa muongo nani?

Mateso hayagawiwi kwa kipimo. Yuko wa kupigwa, yuko wa kutumwa akalete bakora, yuko wa kupewa mkate wa kumimina wenziwe wakitazama. Huyu wa mkate ndiye anayenikosesha usingizi. Hana kovu hata moja, na hathubutu kusema kaumia. Ukimuuliza, "Sikuona kitu." Pengine kweli, kajifunza kutoona.

Mimi hushtuka ndugu watatu wakija na maneno yale yale, herufi kwa herufi. Hapo nauliza nani kakaa nao njiani.

Halafu muhali, ile haya ya kumfichua jamaa. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 ipo, kituo cha mkono kwa mkono cha kuwahudumia waliodhalilishwa, hospitali ya Mnazi Mmoja, kipo, na shangazi naye yupo, kakaa pembeni na buibui lake. Mtoto anamtazama yeye kwanza, ndipo anijibu mimi. "Baba mwema" hiyo kaambiwa shangazi.

Kuwahoji mbali mbali ndivyo tulivyofunzwa. Kuna kaka na dada niliowatenganisha hivyo. Kaka alipotoka alimuuliza mwenziwe, "Umesema?" Dada akageuza uso. Walikuwa wakilala wameshikana mikono, wale. Sijui mpaka leo niliwasaidia au niliwavunja. Kaka nikimkuta Darajani hunisalimia. Dada huvuka barabara.