Nyuzi -25 na mteremko bado unaporomoka

Kila baridi ikipiga hapa Colorado, simu yangu hujaa ujumbe ule ule: "Kaka, leo ni nyuzi -25, theluji yote imeganda, haiwezi kuporomoka. Twende mlimani, Berthoud Pass." Jamani! Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Imani hii najua ilikotoka. Mwishoni mwa msimu theluji huyeyuka mchana, maji yakazama ndani, usiku yakaganda na kuzishika punje. Alfajiri mteremko huwa mgumu, nawe unaupita kabla jua halijaulainisha. Kweli kabisa. Ila hapo kilichoganda ni maji. Theluji kavu ya Januari haina maji ya kugandishwa.

Baridi kali huifanyia kinyume. Ardhi chini ya theluji hukaa karibu na nyuzi 0 msimu mzima, juu kuna -25. Kina kikiwa sentimita 60, tofauti ni zaidi ya nyuzi 4 kwa kila sentimita 10, na sisi wasiwasi hutuanza ikifika 1. Mvuke hupanda kutoka chini, punje zinaota pembe na kuachana. Chimba kwenye mteremko usiopata jua, uchote zile za chini kabisa kwa glavu: zinamwagika kama sukari, hata donge hazifanyi. Juu yake limelala bamba lililoshindiliwa na upepo, unalikanyaga na kuniambia, "Si unaona, imeshika." Imeshika nini? Ugumu huo ndio unaoufanya ufa ukimbie mteremko mzima, pengine wewe ukiwa bado tambarare kule chini.

Pale theluji inapofika sentimita 250, baridi ile ile ingekupa nyuzi 1 tu kwa kila sentimita 10. Shida yetu Colorado ni theluji haba.

Hiyo 1 yenyewe si sheria, ni makadirio. Kipimajoto cha hewani nacho hudanganya, maana usiku wa anga safi uso wa theluji hupoa kuliko hewa. Na mashimo yetu ya majaribio, yale tunayochimba kwenye theluji kuona kama matabaka yameshikana? Mawili yaliyo hatua chache tu yanaweza kutoa majibu tofauti: hapa tabaka linavunjika kwa kugongwa kidogo, pale linagoma kabisa. Ndiyo maana shimo likinitisha nageuza, lakini likinituliza silipi uzito.

Kwenye baridi hii tabaka dhaifu, lile la punje kama sukari, huchelewa kushikana, hata wiki kadhaa. Taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado cha habari za maporomoko ya theluji, ikilitaja, baki kwenye miteremko isiyofika nyuzi 30 (za mwinamo, si za joto, nimeshaulizwa!) na juu yako pasiwe na mteremko mkali zaidi.

Bikoni (kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa), fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumpapasa, koleo: kila mtu na vyake. Aliyefukiwa huishiwa hewa kabla baridi haijamuua, kwa hiyo hesabuni dakika 10 hadi 15 za kumchimbua. Na simu msiipashe joto mfuko mmoja na bikoni, inavuruga mawimbi. Iwe mbali sentimita 20 mkitembea, 50 mkitafuta.