Paa halishindilii udongo: mbio za pikipiki ndani ya viwanja vya mpira

Aprili 18, 2015, Uwanja wa Taifa wa Warsaw ulijaa watu zaidi ya 50,000. Wengi walikuja kumuaga Tomasz Gollob, Mpolandi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, mwaka 2010. Paa lilikuwepo, taa zilikuwepo, muziki ulikuwepo. Kisha mtambo wa kurusha utepe wa kuanzia ukagoma, ikabidi heti, yaani zile mbio fupifupi za usiku huo, zianzishwe kwa taa. Watu hawajamaliza kuzomea hilo, njia yenyewe ikaanza kubomoka kwenye kona. Baada ya heti ya 12 waendeshaji wakasema basi. Matej Žagar wa Slovenia akatangazwa mshindi kwa pointi alizokuwa nazo, na watu wakarudi makwao bila kuona nusu fainali wala fainali.

Mpaka leo ukitetea mbio za ndani ya viwanja vya mpira, wakongwe wa mchezo huu wakitaka kukufunga mdomo wanakutajia Warsaw. Wasichokitaja ni kwamba Mei 2016 mbio zilirudi uwanja uleule, watu wakajaa tena, zikaisha salama, na Tai Woffinden wa Uingereza akashinda.

Kazi yangu ni udongo. Napima moramu na changarawe za barabara: unyevu wake, ugumu wake, kiasi gani umeshindiliwa. Spidiwei niliipenda nilipokuwa nasoma Uingereza, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia ule ubishi wa miaka nenda rudi, kwamba mbio zipelekwe kwenye viwanja vikubwa vya mpira au zibaki kwenye njia zake za zamani. Wanaotetea viwanja wanazungumzia viti vya starehe, televisheni na vijana. Wanaopinga wanazungumzia roho ya mchezo. Mimi naona pande zote mbili zinatazama juu, wakati kesi yenyewe iko chini ya tairi.

Kwa asiyeujua mchezo: waendeshaji wanne, mizunguko minne, wote wanazunguka kwa kushoto. Pikipiki ina injini ya 500 cc yenye silinda moja, inakunywa methanoli, ina gia moja, na haina breki. Narudia, haina breki. Heti nzima inaisha kwa dakika moja hivi. Mshindi anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu. Kwa kuwa hakuna breki, mwendeshaji anaingia kona kwa kuitelezesha pikipiki kiubavu: tairi la nyuma linateleza kwenda nje, la mbele linaelekezwa kulia ilhali kona inakwenda kushoto, na mguu wa kushoto wenye soli ya chuma unaburuzwa chini. Mafuta hayaachiwi. Anayeachia anapitwa.

Kinachomzuia asiende moja kwa moja ukutani ni udongo uliolegea unaokaa juu ya tabaka gumu. Tairi la nyuma linauchimba huo udongo, linausukuma, na kwa kuusukuma ndipo linapopata nguvu ya kugeuka. Kila heti inapopita, udongo unarushwa kutoka ndani kwenda nje. Baada ya heti tatu au nne upande wa ndani umefagiwa hadi ngozi, na karibu na uzio wa nje kuna mkanda wa udongo mzito. Hapo ndipo mchezo unapokolea. Wa ndani ana njia fupi lakini tairi lake linateleza bure. Wa nje anazunguka umbali mrefu, ila akiukamata ule mkanda anapata mshiko wa kumrusha kama mshale akitoka kona ya pili. Bila mkanda wa nje hakuna kupitana. Atakayetoka wa kwanza kwenye utepe atafika wa kwanza, na mashabiki watakuwa wamelipa kuona mizunguko mitatu na nusu ya msafara. Ndiyo maana kila baada ya heti nne trekta linaingia kuurudisha udongo ndani, boza linamwaga maji, halafu hadithi inaanza upya.

Sasa njoo kwenye hesabu ya mhandisi. Tabaka la juu linaweza kulegea vizuri hivyo kwa sababu tu tabaka la chini limekaza. Kukaza huko kunategemea uzito wa rola, unyevu na muda. Unyevu ndio unaosumbua kuliko vyote. Udongo mkavu mno hata uupitie na rola kutwa nzima haushikani. Uliolowa mno unabonyea chini ya rola na kuinuka nyuma yake. Kila udongo una kiwango chake cha maji ambapo unashindilika vizuri kuliko pengine popote. Maabara tunakitafuta kwa mizani na jiko la kukaushia. Porini fundi mzoefu anachota udongo, anaufumbata, anafungua kiganja. Donge likibaki na alama za vidole, analivunja kwa dole gumba. Likikatika vipande viwili visafi, anaita rola. Likimomonyoka, anaita boza. Likimwachia tope mkononi, anaenda kunywa chai na kusubiri jua.

Jua ndilo hasa ambalo uwanja wenye paa hauna. Njia ya kudumu imepata misimu mingi ya mvua, jua, rola na pikipiki, na kila wiki ya mbio imeikaza kidogo. Ina mahali pa kunywea maji kwa chini. Ndani ya uwanja wa mpira unaanza na tabaka la kinga, juu yake unamwaga maelfu ya tani za udongo uliotoka nje na malori, kisha una siku chache kabla mashabiki hawajafika. Maji uliyoyatia hayana pa kwenda: chini yamezuiwa, juu hakuna upepo wala jua la kuyakausha. Ukikosea unyevu Jumatano, Jumamosi bado umekosea. Na kwa kuwa uwanja wa mpira haukujengwa kwa kazi hii, njia inakuwa fupi na kona zinabana. Njia ya ndani ya uwanja wa Cardiff, Wales, ilikuwa chini ya mita 280. Ya uwanja wa taifa wa spidiwei ulioko Manchester ni mita 347. Njia fupi inamaanisha mwendeshaji anakaa kwenye kona sehemu kubwa zaidi ya kila mzunguko, akichimba palepale walipochimba wenzake. Tabaka la chini likiwa halijakaza, tairi linatoboa ngozi, linafika kwenye udongo laini, na heti mbili baadaye una korongo. Korongo kwa pikipiki isiyo na breki, inayokwenda ubavu, ni hospitali.

Gelsenkirchen, Ujerumani, Oktoba 2008: uwanja una paa, mbio za mwisho za msimu, watu wamekuja. Njia ikakataliwa kwa ubovu, mbio zikafutwa, na wiki moja baadaye zikafanyika Bydgoszcz, Poland, kwenye njia ya kudumu iliyo wazi kwa mvua. Hapo utaelewa kwa nini mkongwe akisikia neno paa anacheka.

Lakini nisiwape wakongwe ushindi wa bure. Uwanja huo wa Manchester niliotaja ulijengwa mahususi kwa spidiwei, hakuna mpira wa kuung'ang'ania. Mechi yake ya ufunguzi Machi 2016 iliahirishwa, watu wakiwa wameshafika, kwa sababu njia haikuwa salama. Ilikuwa njia ya kudumu kwa jina, lakini udongo wake ulikuwa mpya kama ule wa Warsaw. Ikarekebishwa, ikatulia, na leo ni moja ya njia zinazosifiwa kwa kupitana. Kwa hiyo kinachotenganisha njia nzuri na mbaya si ukuta unaoizunguka. Ni muda iliopewa.

Hoja ya mila nayo ina kasoro moja inayonichekesha. Wakongwe wa Uingereza wakisimulia enzi zao wanasimulia Wembley. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika hapo mwaka 1936, akashinda Lionel Van Praag wa Australia, na ya mwisho kufanyika hapo ilikuwa 1981, Bruce Penhall wa Marekani akishinda mbele ya watu wapatao 90,000. Wembley ulikuwa nini kama si uwanja mkubwa wa mpira? Ule usiku mmoja wa fainali ndani ya uwanja maarufu ndio mila yenyewe. Mfumo wa Grand Prix, wa kukusanya pointi za mbio kadhaa msimu mzima, ulikuja 1995, na Cardiff ilipoanza kuandaa mbio mwaka 2001, Tony Rickardsson wa Sweden akishinda, wengi walikwenda kwa sababu iliwakumbusha Wembley.

Kinachowauma kweli ni kingine, na hapo nawaelewa. Swindon hapajaonekana mbio tangu 2019, Coventry tangu 2016, na Peterborough msimu wa 2023 ulikuwa wa mwisho. Hizo zilikuwa njia za mtaani ambako mtu anakwenda na mjukuu wake, anasimama palepale kwenye kona anaposimama kila wiki, anavuta harufu ya methanoli na mafuta ya nyonyo yaliyolainisha injini hizi kwa miongo mingi. Akiona fedha na kamera zinakwenda kwenye usiku mmoja wa fataki huku njia ya kwao inageuzwa nyumba za kuuza, atauchukia huo usiku hata udongo wake ungekuwa wa dhahabu. Hilo mhandisi halitibu.

Watetezi wa viwanja hupenda kujibu kwa mfano wa Marekani. Julai 1972 motokrosi, yaani mbio za pikipiki za kuruka vilima, ziliingizwa ndani ya Los Angeles Coliseum, zikashindwa na kijana wa miaka 16, Marty Tripes. Wenye motokrosi yao ya vilimani walibeza. Miaka hamsini baadaye supakrosi, jina la mbio hizo za uwanjani, inajaza viwanja vya mpira wa Kimarekani kila msimu. Kweli, ila mfano huo haufanani na wa kwetu. Supakrosi haikuihamisha motokrosi. Iliunda mchezo mwingine. Iliweka miruko mitatu ya kuruka kwa pamoja, safu za vituta vya kupitwa juujuu, na mbio za dakika 20 na mzunguko mmoja badala ya vipindi viwili vya dakika 30. Udongo uliokaza na kuchongwa ndio unaotakiwa humo. Motokrosi ikabaki na ubingwa wake huko nje, na tangu 2023 pointi za pande zote mbili zinaingia kwenye jedwali moja la SuperMotocross. Mkongwe hakunyang'anywa kitu. Spidiwei inataka kitu kigumu zaidi: mchezo uleule, pointi zilezile, bingwa yuleyule, lakini juu ya udongo wa siku chache.

Na bado inawezekana. Mwaka 2007 Cardiff, Chris Harris, mtoto wa Cornwall, Uingereza, alimpita Mmarekani Greg Hancock kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho wa fainali. Itafute picha ya video uitazame bila kusikiliza kelele. Angalia udongo tu. Kulikuwa na mistari miwili ya kupita, yote miwili inashika. Usiku ule hapakuwa na mkongwe wala mgeni, na sijawahi kukutana na mzee wa spidiwei anayeuponda. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba mkongwe anashawishika. Anataka kuona mtu akipitwa, basi.

Mwaka 2025 mbio za Uingereza ziliondoka Cardiff zikaenda Manchester, usiku mbili mfululizo, kwenye uwanja unaobeba sehemu ndogo tu ya watu wa Cardiff. Waliopenda mashindano matupu walifurahi. Aliyekuwa anapanda treni na marafiki wasiojua hata rangi za helmeti, ili mradi wako Cardiff wote, amepoteza sherehe yake, na sidhani kama atasafiri kwenda kusimama kwenye kona ya Manchester. Mchezo unaopoteza njia za mitaani hauwezi kumdharau mtu huyo.

Ningeulizwa, ningeomba vitu viwili kabla ya fataki. Kwanza, siku za ziada za kushindilia, na nusu ya siku moja ya pikipiki kuzunguka ili kuichosha njia kwa makusudi, kisha irekebishwe mbele ya waendeshaji wenyewe. Kila siku ya uwanja wa namna ile ina kodi, na kodi hiyo ndiyo promota anayoikata kwanza akipiga hesabu. Pili, udongo uhifadhiwe chini ya turubai ukiwa tayari kwenye unyevu wake, usifike na malori ukiwa umenyeshewa njiani. Yote mawili tunayafanya kwenye barabara za vijijini, tena kwa bajeti ya kulia.

Ukikuta mbio za uwanjani kwenye televisheni, heti nne za kwanza usizihukumu, kila njia ni nzuri ikiwa mpya. Subiri trekta lipite mara mbili. Heti ya tisa ikianza, tazama kona ya pili: ukiona mtu wa tatu anatanuka kwenda nje na kuvuta mafuta, kaa. Wakiwa wote wanne wamejipanga mstari mmoja upande wa ndani, zima ukalale.