Mlio wa "inaita" haukuwa kengele ya mwenzako

Kijana mmoja wa Kariakoo, fundi hodari wa simu janja, ameniuliza kama ule mlio wa simu ya mezani ya zamani, kri-kri... kri-kri, ndiyo ilikuwa kengele ya kule unakopiga, ikisikika kupitia waya. Wengi wanadhani hivyo. Sivyo.

Nazungumzia mitambo ya Strowger ya mtindo wa Kiingereza, ile ya zamani ya kuunganisha simu yenyewe bila opereta. Eksichenji, yaani kituo cha kuunganishia simu, ilikuwa na mota inayozunguka usiku na mchana, na milio ilitoka hapo. Kwa mwenzako ulipelekwa umeme wa volti 75 hivi wa kugonga kengele. Wewe uliletewa mlio mwingine kabisa: unalia sekunde 0.4, kimya 0.2, unalia tena 0.4, kisha kimya sekunde 2. Kwa hiyo hata wezi wa nyaya wakikata waya nje ya nyumba yake, wewe unasikia inaita tu, na unanuna kwamba amekudharau.

Mlio wa kukuruhusu kupiga ulikuwa mzito, mitetemo 33 kwa sekunde, unakoroma kama paka aliyeshiba. Ukizungusha tarakimu ya kwanza, unakatika.

Utamu wenyewe uko kwenye bize. Kila tarakimu ilikuwa mikato ya umeme, 10 kwa sekunde (sifuri, yenye mikato 10, peke yake ilikula sekunde nzima). Kwa tarakimu za mwanzo, selekta, yaani swichi ya kuchagua njia, ilipanda ngazi kulingana na idadi ya mikato, kisha ikageuka yenyewe kutafuta njia iliyo wazi kati ya 10. Zote zikiwa na watu, ilisogea hadi hatua ya 11, na bize ikaanzia hapo. Basi ukiisikia kabla hujamaliza namba, usimlaumu mwenzako, njia zimejaa. Ikija baada ya tarakimu ya mwisho, ama anaongea kweli, ama mkonga wake haukukaa vizuri. Mlio mmoja mrefu usiokatika ulimaanisha namba hiyo haipo au haitumiki.

Ndiyo maana fundi wa eksichenji alizungusha tarakimu polepole, mkonga sikioni, akihesabu. Bize baada ya tarakimu ya pili? Anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya selekta za hatua hiyo. Yule dada wa "namba unayopiga haipatikani" ana sauti nzuri, lakini hakwambii hata robo ya hayo.