Tundu la boksi si pua

Nimeambiwa tena wiki hii na mwenye gari: "Fundi, boksi hili limebanwa mno, litoboe kidogo sabufa ipumue." Nikauliza, kidogo kiasi gani? Jamaa akakunja ngumi akanionyesha.

Sabufa haina mapafu. Koni inaposukuma hewa mbele, mgongoni inavuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana. Ndiyo maana sabufa iliyo nje ya boksi hutikisika sana na besi usiisikie. Boksi linawatenga mahasimu hao. Tundu la ngumi kwenye ubao wa milimita 18, boksi la lita 50 hivi, nalo lina noti yake, karibu na hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde). Chini ya noti hiyo, mahali penyewe unapoitafuta besi, umewakutanisha mahasimu upya.

Puliza mdomo wa chupa tupu, utasikia noti. Tia maji, noti inapanda. Hewa ya shingoni ni mzigo, hewa ya tumboni ni springi. Boksi lenye bomba ni chupa hiyohiyo, ila anayepuliza ni mgongo wa koni. Piga toni ya noti ya boksi uitazame koni: inakaribia kusimama, hadi mgeni anadhani spika imekufa, huku kipande cha karatasi mdomoni mwa bomba kinarushwa. Shuka chini ya noti hiyo, springi inapotea na koni inaanza kupepesuka kama mlango kwenye upepo. Hapo ndipo koili zinapogonga na kuharibika, halafu lawama anabeba amplifaya. Wekeni filta ya kukata sauti za chini kabisa, jamani.

Boksi lililofungwa ni rahisi zaidi, nalipitia haraka. Soma Qts (breki ya koni: namba ndogo, breki kali) na Vas (ulegevu wa koni, ukipimwa kwa lita za hewa) kwenye karatasi ya vipimo ya spika, vipimo tulivyoachiwa na Thiele na Small, waliofanya kazi hiyo Australia kuanzia 1961. Qts ikiwa 0.45 na Vas lita 60, lita 41 zinakupa Qtc (breki hiyohiyo spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707, besi iliyonyooka. Ukikosea lita tatu, hakuna atakayejua. Fs (noti ya spika yenyewe ikiwa nje ya boksi) ukiigawa kwa Qes (breki ya upande wa umeme peke yake) ukapata 50 hivi, funga. Ukikaribia 100, weka bomba. Katikati ya hapo chagua unachopenda, mimi sigombani na mtu.

Ninagombana kuhusu lita. Mwenye ngumi, baada ya somo, alirudi na boksi alilojenga mwenyewe. "Lita 70 kamili, fundi. Bomba la upana wa sentimita 10, urefu 22, noti hezi 34. Programu imesema." Programu haikukosea: kwa lita 70 jibu ni hilohilo. Nikachukua futi kamba. Nje, sentimita 50 kwa 40 kwa 35. Naam, 70. Lakini hewa haikai ndani ya ubao! Toa milimita 36, yaani mbao mbili, kwenye kila kipimo: 46.4 kwa 36.4 kwa 31.4. Lita 53. Sumaku na kikapu cha spika ya inchi 12 vinakula kama lita 3, bomba lenyewe 2, vipande vya kukaza kuta 2 nyingine. Zimebaki 46. Bomba lake la sentimita 22 kwenye lita 46 halipigi 34, linapiga 42. Ndiyo maana kila wimbo alioweka ulidunda "bum" moja ileile, na noti za chini hazikuwepo. Alikuwa ameshaanza kuilaumu sabufa.

Nitasema pia ambalo mafundi hatupendi kulisema mbele ya mteja: bomba bapa lililojengwa kwa mbao, lenye ukuta wa boksi kama upande wake mmoja, hesabu yake ya urefu ni makadirio. Hewa iliyo nje kidogo ya midomo nayo hutembea na mzigo, na ukuta unairefusha. Kwa hiyo nakata ndefu, napima ukinzani wa umeme wa spika noti kwa noti, natafuta bonde lililo kati ya vilima viwili, ndipo ilipo noti ya boksi, kisha napunguza. Na gari lenyewe? Kabini ndogo iliyofungwa inanyanyua sauti za chini, lakini kiasi gani hutegemea gari na mianya yake. Nimewahi kuligeuza boksi litazame nyuma badala ya mbele, besi ikajaa. Gari lililofuata nikafanya vilevile, ikapungua. Sasa nageuza kwanza, naeleza baadaye.

Ujenzi hauna siri. Toboa tundu dogo kabla ya skrubu, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) hupasuka. Gundi kila kiungo, silikoni pembeni, na silikoni yenye harufu ya siki iache ikauke kabisa kabla ya kufunga spika. Mdomo wa ndani wa bomba uwe mbali na ukuta angalau kwa upana wa bomba lenyewe. Bomba jembamba hupuliza kama mtu anayezima mshumaa.

Boksi la jamaa lilihitaji bomba la sentimita 38, kwa sababu bomba refu nalo linakula lita. Urefu wa ndani ni sentimita 46. Zinabaki 8, nami nataka 10, kwa hiyo tumeweka kona, urefu tumeupima katikati ya mkunjo. Noti imetua kwenye 34. Akasikiliza, akatabasamu, akaniuliza kama tukiongeza bomba la pili kama hilo besi itaongezeka mara mbili.

Noti itapanda mpaka 48 na zaidi, kaka. Shusha ngumi.