Stroberi Arusha: anza na mche, soko litakukuta

Kila wiki nakutana na wakulima wa Ngaramtoni, Tengeru mpaka Usa River wananiuliza soko la stroberi, na mahoteli yapo, wanunuzi wapo, ila nikiingia shambani naona shida iko kwenye miche. Mtu kachukua miche kwa jirani, jirani nae alichukua kwa mwingine, miaka inaenda, sasa majani yamejikunja, mche umedumaa, tunda dogo kama punje ya hindi. Mara nyingi hivyo ni virusi jamani, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, ndo wanavisambaza, na dawa ya virusi hakuna, utapulizia mpaka uchoke. Ng'oa, anza na miche safi.

Ukitaka kuzalisha mwenyewe, tenga kitalu cha mama, yaani miche ya kuzalishia mingine, mbali na shamba la matunda. Mama haachiwi azae, kila ua likitokeza kata, najua inauma lakini kata, maana nguvu tunaitaka iende kwenye vile vikamba vinavyotambaa kama marando ya viazi. Kichipukizi kikigusa chini, kiwekee kiriba chenye udongo na mboji, kibane na kipande cha waya ulichokikunja, mwagilia, wiki ya tatu au ya nne kivute taratibu kwa vidole viwili, kikigoma kung'oka ujue mizizi imeshika, hapo ndo ukate kamba.

Kupanda ni kwenye tuta lililoinuka, mche na mche sentimita 30, na moyo wa mche, pale majani yanapotokea, ukae sawa na uso wa udongo. Ukiuzika unaoza, ukiuacha juu sana unakauka.

Halafu maji. Huku kwetu kuzunguka Mlima Meru maji ya sehemu nyingi yana floraidi na magadi, na stroberi haivumilii chumvi kabisa, inataka udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6.5, kwahiyo ukiona kingo za majani zinaungua usikimbilie kuongeza mbolea, kapime maji kwanza.

Kuchuma ni asubuhi na mapema, tunda likiwa jekundu, maana likishachumwa haliongezi utamu.

Na ukienda kununua miche, omba mmoja uupasue moyo kwa kisu mbele ya muuzaji. Ndani ukiwa mweupe chukua, ukiona wekundu wa kutu acha, hata akikupunguzia bei.