Uga wa umeme ndani ya vumbi

Kiangazi, uwanda wa ziwa kavu la Amboseli hujaa chamchela. Hewa ikiwa safi, uga wa umeme, yaani nguvu inayosukuma chaji hewani, karibu na ardhi huwa kama volti 100 kwa mita, ukielekea chini. Chamchela ikikaribia, uga hugeuka kuelekea juu na kufika maelfu ya volti kwa mita. Umeme huo hutokana na vumbi lenyewe: chembe zikigongana, ndogo mara nyingi hubaki na chaji hasi, kubwa chaji chanya, kisha upepo huzipandisha ndogo na kuziacha kubwa chini.

Kupata namba kubwa ni rahisi. Kazi ni kujua kama kweli ni ya uga.

Tunatumia kinu cha uga: panga za chuma zilizofungwa waya wa ethi, mfano wa pangaboi dogo, huzunguka juu ya sahani zikiifunika na kuifunua. Sahani ikifunuliwa, uga huvutia chaji juu yake. Ikifunikwa, chaji hurudi. Mkondo huo wa kwenda na kurudi ndio tunaousoma. Sasa kila chembe ya vumbi inayotua kwenye sahani huacha chaji yake papo hapo, nayo hupitia waya uleule.

Dawa ninayoiamini ni kubadilisha kasi ya mota inayozungusha panga. Ukiiongeza mara mbili, mkondo wa uga nao huongezeka mara mbili. Wa chembe hauongezeki, maana jumla ya muda ambao sahani iko wazi ni ileile. Tena wa chembe hufika kileleni sahani ikiwa wazi kabisa, wa uga ikiwa bado inafunuliwa. Anayehifadhi wastani peke yake bila nafasi ya panga ametupa ushahidi wake.

Halafu kuna magadi. Asubuhi moja nilifungua kinu nikakuta utando mweupe kwenye kihami, kile kishikizo kisichopitisha umeme, umelowa umande wa usiku. Chaji ilikuwa inavujia humo, na vipimo vilikuwa vimeshuka kimyakimya.

Kukipindua kinu juu ya mlingoti, kikitazama chini, hupunguza vumbi, lakini mlingoti hukuza uga. Tunakilinganisha siku ya hewa safi na kinu kilichofukiwa usawa wa ardhi. Ulinganisho huo hauniridhishi siku ya vumbi, kwani vumbi lenye chaji likiuzunguka mlingoti huleta uga wake. Kwa hiyo kile cha ardhini sikiondoi; kila chamchela ikipita nakisafisha kwa brashi laini na spiriti.